Mtori wa kulungu: gumzo la Familia ya Marangu

Neema (Minnesota): Shikamooni wakubwa wote. Jamani nina nyama kwenye friza. Jamaa wa kazini kaenda kuwinda msimu ulipofunguliwa, kapata kulungu, kanigawia miundi miwili na kipande cha paja. Nje theluji tupu. Nataka mtori.

Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu. Mtori wa mnyama wa porini? Makubwa haya.

Baba Mdogo: Marahaba. Kibali kiko wapi?

Kelvin: 😂😂😂 Baba Mdogo umestaafu lakini bado uko getini kwa hifadhi unakagua magari

Baba Mdogo: Cheka tu. Huku Tanzania ukikutwa nayo bila karatasi ni nyara za serikali, utaozea ndani. Anayeitaka, tangu kanuni za 2020 zipo bucha za nyamapori zenye leseni. Unanunua, unapewa risiti, unakwenda kwako kifua mbele.

Shemeji Otieno (Nairobi): Sisi hata hiyo bucha hatuna. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, basi. Mimi nasoma tu na mate yananitoka.

Neema (Minnesota): Karatasi ninayo Baba Mdogo. Kaandika jina lake, namba ya leseni na tarehe. Huku kulungu wa porini haruhusiwi kuuzwa, mwindaji anakula mwenyewe au anagawa. Hiyo inayouzwa madukani ni ya kufugwa, nyingine inatoka New Zealand huko.

Baba Mdogo: Hapo sawa. Mnyama amepimwa?

Neema (Minnesota): Amepimwa. Kuna ugonjwa wa kulungu huku, unakula ubongo wao taratibu, mnyama anakonda mpaka anakufa. Mwindaji anapeleka sampuli ya tezi za shingoni. Majibu yametoka, haukuonekana.

Mama Mkubwa: Si uchemshe tu sana uue hivyo vidudu?

Neema (Minnesota): Huo hauuliwi kwa kuchemsha, Mama Mkubwa. Si bakteria wala virusi, ni protini iliyoharibika. Hajathibitika mtu aliyeupata kwa kula, ila wanasema akikutwa nao usile kabisa.

Baba Mdogo: Na hata aliyefaulu kipimo, ubongo na uti wa mgongo tupa. Mafigo ya risasi je? Alimpiga wapi?

Kelvin: Mafigo ya risasi 😂

Baba Mdogo: Simu hii inaandika yenyewe. MAJERAHA. Risasi iliyotengenezwa kwa madini ya risasi hupasuka vipande vidogo visivyoonekana, vinakwenda mbali na tundu. Kata pakubwa kuzunguka jeraha, usihurumie nyama. Hasa kama kuna watoto wanaokula.

Neema (Minnesota): Kampiga kifuani. Miundi ni safi.

Wifi Zai (Tanga): Assalaam aleikum. Naomba kuuliza kwa heshima, huyo bwana alipofyatua alisema Bismillahi?

Neema (Minnesota): Wifi yangu 😅 ni Mlutheri kama sisi.

Wifi Zai (Tanga): Basi mimi hesabu yangu ya kuku. Endeleeni, nasikiliza mapishi.

Shangazi Ndeshi: Nimetoka kwaya nakuta ujumbe 40. Neema, ndizi unazo? Maana mtori si nyama, mtori ni ndizi.

Neema (Minnesota): Shikamoo Shangazi. Mshare hakuna. Nimepata ndizi mbichi kabisa, zile za kuivisha.

Shangazi Ndeshi: Marahaba. Zitafaa, ila zina maji, usiweke supu nyingi. Mzuzu usiguse, utakuwa mtamu kama uji wa mtoto. Menya, tia kwenye maji papo hapo zisiwe nyeusi. Paka mafuta mikononi kwanza, utomvu huo hautoki.

Mama Mkubwa: Nyama uiloweke kwenye siki usiku kucha itoe harufu ya porini.

Baba Mdogo: Siki ya nini dada? Harufu iko kwenye mafuta. Toa mafuta yote meupe. Ya mnyama wa porini yakipoa yanaganda kwenye meno kama mshumaa. Na ule utando wa fedha juu ya nyama, pitisha kisu chini yake uuvue.

Neema (Minnesota): Utando wote? Hata kano za ndani ya muundi?

Baba Mdogo: Kano za ndani ziache. Hizo zikipikwa polepole zinayeyuka, ndizo zinaupa supu ute. Sisi porini nyati mzee tulimweka jioni tukamla asubuhi.

Kelvin: Presha kuka, dakika 45, kazi imekwisha.

Baba Mdogo: Presha sikatai. Ninachokataa ni kuchemsha kwa moto mkali sufuria wazi. Nyama haina mafuta ndani, inakauka, unatafuna kamba. Moto mdogo, mfuniko, saa tatu.

Shangazi Ndeshi: Na hapo ndipo penye shida. Mtori bila mafuta ni uji. Neema, nunua mifupa ya ng'ombe yenye uboho, nusu kilo hivi. Chemsha pamoja na hiyo miundi, chumvi na kitunguu basi. Nyama ikilainika itoe, ichambue, mifupa itupe. Ndizi zipike kwenye supu hiyo hiyo na karoti na nyanya moja. Zikiiva ponda kwa mwiko, rudisha nyama, tia siagi kijiko kikubwa na maziwa kidogo.

Kelvin: Au blenda, inatoka laini safi

Shangazi Ndeshi: Kelvin.

Mama Mkubwa: Mtoto wa kiume kaharibikia Dar.

Shangazi Ndeshi: Blenda inaufanya uwe gundi! Unavutika. Mtori lazima ukutane na kipande cha ndizi mdomoni. Bibi yenu angekuwepo ungechapwa na huo mwiko.

Wifi Zai (Tanga): Tui la nazi badala ya maziwa je?

Shangazi Ndeshi: Wifi, nakupenda, lakini hapana.

Wifi Zai (Tanga): 😂 Haya. Yenu.

Neema (Minnesota): Nimeweka jikoni. Miundi nimeitoa mifupa, mifupa ni ya ng'ombe peke yake. Povu la kwanza nimeengua. Harufu haina ukali, imekaa kama maini kwa mbali.

Baba Mdogo: Hiyo ni damu, ni kawaida, nyama nyekundu ile ina chuma. Tangawizi kidogo itaituliza.

Mama Mkubwa: Ningeweka siki.

Shemeji Otieno (Nairobi): Na paja? Mniambie nilie vizuri.

Baba Mdogo: Paja usilitie kwenye mtori, ni kupoteza. Likate vipande vyembamba kinyume cha nyuzi, kaanga haraka kwa samli na vitunguu vingi.

Neema (Minnesota): Samli ninayo. Hilo la kesho, baada ya ibada.

Shangazi Ndeshi: Picha kabla hujala. Na nione mwiko kwenye picha.

Kelvin: Nani kamtoa Otieno kwenye kikundi???

Shemeji Otieno (Nairobi): Nipo. Nilitoka kidogo kutafuta supu.