Mtoto wa darasa la awali hatulii hata kidogo: ni utundu wa umri au ni tatizo? Naomba ushauri (Mtwara)

Mama wa Mikindani:
Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Ninaomba ushauri kuhusu mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka mitano na nusu, anayesoma darasa la awali hapa Mtwara. Mwalimu wake ameshaniita shuleni akaeleza kwamba mtoto hakai mkekani, anarukia majibu kabla swali halijaisha, anawanyang'anya wenzake penseli, na bodaboda ikipita anakimbilia dirishani. Nyumbani hali ni ile ile: nikimtuma jikoni alete kata, anafika mlangoni, anamwona kuku, anamfuata hadi kwa jirani, na nikimuuliza kata iko wapi ananitazama kana kwamba hakutumwa kitu. Si mkorofi, ana huruma, na akikosea huomba radhi upesi, kisha hurudia kosa lile lile.

Bibi yake mzaa baba anasema ni mashetani, apelekwe kwa fundi. Jirani anasema ni sukari na soda. Mjomba wake anasema fimbo ndiyo dawa. Je, nitajuaje kama huu ni utundu tu, na nianzie wapi? Niongeze kwamba usiku anakoroma sana, na mwaka jana sikio lake la kushoto lilikuwa likitoa usaha.

Mkulima wa Tandahimba:
Pole, dada. Mimi ninaungana na mjomba. Zamani magonjwa haya hayakuwepo; tulichapwa, tukatulia.

Mwalimu wa Awali, Lindi:
Kaka wa Tandahimba, kwa heshima zote sikubaliani nawe. Mtoto anayekaidi na mtoto anayeshindwa kujizuia hawafanani. Fimbo huwatisha wote wawili, lakini haimfundishi huyu wa pili lolote, kwa sababu kanuni anaijua vizuri, ila haimjii akilini kwa wakati unaotakiwa.

Mama wa Mikindani, kabla ya kumpa mtoto jina la ugonjwa, litazame kwanza darasa lenyewe. Mtoto wa miaka mitano kukaa kimya muda mrefu katika chumba kilichojaa, kwa joto letu la mwezi wa kumi na moja, ni mtihani hata kwa aliye mtulivu. Tafiti za nchi kadhaa zimeonyesha pia kwamba watoto wenye umri mdogo zaidi katika darasa hudhaniwa kuwa na tatizo hili mara nyingi kuliko wenzao waliowatangulia kwa miezi michache, ilhali wengine wanachokosa ni ukomavu tu. Muulize mwalimu: akilinganishwa na watoto wa umri wake hasa, bado anawazidi kwa mbali?

Mtoto wa namna hii ninamkalisha mbele, mbali na mlango na dirisha. Simpi maagizo matatu kwa pamoja. Namshika bega, namtazama usoni, namwambia jambo moja, kisha namwomba alirudie kwa mdomo wake. Akianza kujinyonganyonga ninampa kazi ya kufuta ubao au kugawa madaftari, na akimaliza ninamsifu hapo hapo mbele ya wenzake, kwa maana sifa ya jioni kwake imeshachelewa.

Tabibu wa Kusini:
Mama, maneno yako ya mwisho kuhusu kukoroma na sikio ndiyo yaliyonifanya niandike. Mtoto anayekoroma kila usiku huenda ana nyama za pua, na mtoto asiyelala vizuri usiku, mchana hachoki kama mtu mzima, bali huzidi kuhangaika. Aliyetokwa usaha sikioni huenda hasikii vizuri, na asiyesikia vizuri huonekana hatii. Apimwe masikio, pua, macho na wingi wa damu. Daktari amwulizie pia kama aliwahi kuugua malaria kali iliyopanda kichwani, kama alizaliwa njiti, na kama ana vipindi vya kuzubaa kwa sekunde chache, macho yakiwa wazi, asiitike akiitwa, kwani ipo aina ya kifafa isiyomwangusha mtoto.

Hayo yakiondolewa na hali ikabaki, ndipo tunafikiria upungufu wa umakini na kutotulia kupita kiasi, ambao wengi huuita ADHD. Haupimwi kwa damu wala kwa picha ya kichwa. Daktari hutazama kama dalili zimedumu miezi 6 au zaidi, zimeanza kabla ya miaka 12, zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni, na zinamwathiri kweli mtoto katika kujifunza au kuishi na wenzake. Wapo pia, hasa wasichana, wasioruka wala kupiga kelele. Hukaa kimya, akili ikiwa mbali, nao husahaulika.

Sukari si chanzo. Katika tafiti za miaka ya 1990, watoto walipewa vyakula vyenye sukari au visivyo nayo bila wao wala wazazi kujua ni vipi, na tabia zao hazikutofautiana. Urithi ndio wenye uzito mkubwa zaidi. Na kwa kaka wa Tandahimba: mwaka 1902 daktari George Still alikwishawaeleza madaktari wenzake jijini London kuhusu watoto wenye akili timamu wasioweza kujizuia. Walikuwepo, walichapwa tu bila kueleweka.

Anza na daktari wa watoto Hospitali ya Ligula, naye ataona kama kuna haja ya rufaa. Walioko Lindi waende Sokoine. Beba kadi ya kliniki na maelezo ya mwalimu yaliyoandikwa.

Mama wa Mikindani:
Ninawashukuru sana. Baba yake anakiri kwamba naye alikuwa hivyo utotoni. Nina maswali mawili: nimwambie nini bibi, na je, atapewa vidonge?

Mzazi wa Masasi:
Dada, mwanangu aligundulika na hali hii. Bibi usibishane naye kuhusu mashetani. Mwambie, "Mama, tunaanza na masikio yake hospitali, naomba utusindikize." Bibi wa mwanangu alipomsikia daktari mwenyewe, akawa wa kwanza kumtetea mtoto. Tena utamhitaji, kwa sababu msimu wa korosho ukifika na mtoto akabaki naye shambani, ratiba ya kulala, kula na kucheza isipofuatwa huko, mnaanza upya mkirudi.

Tabibu wa Kusini:
Kwa umri wake, vidonge si hatua ya kwanza. Kwa mtoto ambaye hajafikisha miaka 6 tunaanza kwa kuwafundisha wazazi na walimu: ratiba isiyobadilika, agizo moja kwa wakati, sifa ya papo hapo, na adhabu nyepesi isiyo ya kipigo, kama kumnyima mchezo kwa dakika chache. Dawa kama methilifenideti husaidia wengi walio wakubwa zaidi, lakini inaweza kupunguza hamu ya kula na usingizi, hivyo hutolewa na daktari anayefuatilia uzito, urefu na mapigo ya moyo. Mtu yeyote asikuuzie dukani. Kwa sasa lililo la haraka ni lile sikio. Mpeleke wiki hii.