Tupeane uzoefu: mafua yakiingia hosteli, mnafanyaje yasimalize chumba kizima?

Mwanabweni: Wakuu, UE, mitihani ya mwisho wa muhula, iko mlangoni na mafua yameshaanza kuzunguka. Chumba chetu ni cha watu wanne, ila mambo ya kubebana, kulaza wenzetu waliokosa vyumba, mnayajua. Mmoja akipiga chafya Jumatatu, Ijumaa tunapokezana kukohoa. Ya kunawa mikono tumeyasoma ukutani mpaka tumeyakariri. Nipeni mliyoyafanya yakasaidia.

Binti Uyole: Sisi tulianza na dirisha. Nilisoma Mbeya, na baridi ya Juni kila mtu anataka lifungwe na pazia juu. Tukakubaliana mchana likae wazi, usiku tuache upenyo. Mgonjwa analala dirishani, kichwa upande wa miguu ya jirani yake. Dada mmoja alinuna sana, eti baridi ndiyo inaleta mafua. Yanaletwa na virusi, dada! Baridi inatufungia ndani tupumuliane.

Dokta Mtarajiwa: Mnaokimbilia amoxicillin dukani, mnatupa hela ya boom, ile ya mkopo wa kujikimu, haiui virusi. Halafu mwenye influenza, yale mafua makali, huanza kuambukiza kama siku moja kabla hajajisikia vibaya, na huendelea siku 5 hadi 7 tangu augue. Kwa hiyo hata anayeonekana mzima akae na leso yake. Homa ikishakata yenyewe bila panadol, hesabu saa 24 ndipo urudi darasani. Mwenye pumu, sikoseli au ujauzito awahi zahanati, asisubiri kubanwa kifua.

Kalamu Moja: Saa 24 za wapi, mkuu? Kwetu karatasi ya mahudhurio inazunguka na kalamu moja ukumbi mzima. Usiposaini, imekula kwako. Watu wanakuja na homa zao.

CR Mstaafu: Hapo ndipo penye kazi, na sisi tulipashughulikia. Tulimfuata mkuu wa idara, tukaomba anayeumwa amtumie CR, yaani kiongozi wa darasa, ujumbe kabla ya kipindi, cheti alete akipona. Alikataa mwanzoni, akihofia watoro. Tukamwambia ajaribu muhula mmoja. Watoro walikuwepo, sikatai, lakini walikuwa walewale wa siku zote. Waliobaki waliacha kuja kukohoa safu ya mbele, na diskasheni tukazihamishia nje chini ya miti. Kalamu kila mtu alikuja na yake.

Mtu wa Sinia: Unguja hapa. Tunakula sinia moja, na kumtenga mtu chakula ni kama kumtukana. Tukaweka utaratibu kwamba mgonjwa ndiye anapakuliwa wa kwanza, kwenye sahani yake. Hakuna aliyelalamika, maana anapata minofu.

Mbeba Boksi: Niko chuo huku Marekani. Kila msimu wa mapukutiko wanatuchanja dhidi ya influenza hapahapa chuoni, na mwakani unachanjwa tena kwa kuwa virusi hubadilika. Kuumwa unaweza kuumwa bado, ila mara nyingi haikulazi vibaya.

Mwanabweni: CR wetu nimeshamtumia uzi huu. Ila hilo dirisha, nyavu zake zimechanika zote. Mbu je?

Dokta Mtarajiwa: Chandarua, mkuu, dirisha liache wazi. Na mwenye homa apime malaria kwanza, msije mkamnywesha tangawizi wiki nzima mkidhani ni mafua.