Deni limelipwa, lakini dalali wa mahakama bado anagonga mlango

Mama Neema, Nsambya:
Ndugu zangu, hamjambo. Jirani yetu kutoka Bukavu ameletewa hati ya kukamata mali kwa mkopo alioumaliza. Alilipa kwa simu baada ya hukumu kutoka. Ushahidi alionao ni meseji tu, na dalali amesema atarudi na lori. Aanzie wapi?

Wekesa, Ntinda:
Mama Neema, mpe pole. Jambo la kwanza ni tarehe, maana kila tarehe ina mlango wake.

Aliyelipa kabla ya hukumu huomba hukumu yenyewe iondolewe, hasa kama samansi haikumfikia. Kesi nyingi za mikopo hapa Uganda hufunguliwa chini ya Amri ya 36 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai, yaani njia ya mkato ya kudai deni. Ukishapewa samansi una siku 10 tu za kuomba ruhusa ya kujitetea. Zikipita, hukumu hutoka bila wewe kusikilizwa, hata kama hudaiwi shilingi.

Jirani yako alilipa baada ya hukumu, kwa hiyo asihangaike kuipinga. Aombe malipo yaandikwe kwenye jalada. Amri ya 22, kanuni ya 2, ya Kanuni hizohizo inamtaka aliyeshinda kesi aijulishe mahakama kwamba amelipwa. Akinyamaza, mdaiwa anaruhusiwa kuiomba mahakama imwite mshindi huyo aeleze kwa nini malipo hayo yasiandikwe. Watu huumia hapa: malipo ambayo hayajaandikwa, mahakama inayotekeleza hukumu haiyatambui. Hakimu anasoma jalada, na jalada linasema deni lipo.

Maombi yaende mahakama ileile iliyotoa hati, kwa namba ileile ya kesi. Kufungua kesi mpya ni kupoteza ada. Na katika maombi hayohayo aombe utekelezaji usimamishwe kwa muda. Kupeleka karatasi tu hakumzuii dalali. Kinachomzuia ni amri iliyotiwa saini na muhuri, naye apewe nakala mkononi.

Bahati, Makindye:
Naongezea kwa kaka Wekesa. Meseji peke yake ni dhaifu. Aende ofisi ya MTN au Airtel achukue taarifa ya miamala yenye muhuri, inayoonyesha namba ya muamala, tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. Hilo jina ndilo la kukagua kwa makini. Mara nyingi pesa imekwenda kwenye namba binafsi ya afisa mikopo, na kampuni inasema haikupokea kitu. Ikiwa ndivyo, aambatanishe ujumbe ambamo afisa huyo alimwelekeza alipie namba ile, pamoja na mkataba unaomtaja afisa.

Halafu apige hesabu. Hukumu huwa na deni, riba na gharama za kesi. Aliyelipa deni peke yake bado ana salio, na mkopeshaji atalishikilia hilo. Mistari mitatu ya hesabu kwenye kiapo, yaani maelezo ya maandishi anayoyaapia kuunga mkono maombi yake, inamsaidia hakimu kuliko kurasa kumi za malalamiko.

Kiapo kitaandikwa kwa Kiingereza. Kama hakisomi, sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma inamhusu pia, maana inamgusa yeyote asiyeielewa lugha ya hati. Aliyemwandikia aweke jina na anwani yake kamili, na ionyeshwe kwamba alisomewa na kufafanuliwa kwa Kiswahili kabla ya kuapa.

Mama Neema:
Asanteni sana. Na dalali akija kabla ya amri kutoka?

Wekesa:
Asimzuie kwa nguvu. Amwite mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kisha aombe kuona leseni ya dalali na hati halisi: muhuri wa mahakama, saini, jina la dalali huyohuyo, na tarehe ya mwisho ya hati. Hati iliyopita tarehe haimpi mamlaka. Aipige picha.

Nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na vifaa vya kazi vya fundi havikamatwi. Kitu cha mtu mwingine kikichukuliwa, mwenye kitu ndiye anayepeleka pingamizi mahakamani. Vinavyobebwa viorodheshwe na orodha isainiwe.

Nasisitiza: asimpe dalali pesa ya kumtuliza bila risiti. Hayo ni malipo mengine yasiyoandikwa. Na ikiwa hati ni ya kumkamata mtu, hufikishwa kwanza mahakamani. Amweleze hakimu hapohapo kuhusu malipo, kwani kifungo cha madai, yaani jela kwa kutolipa deni la hukumu, chaweza kufika miezi 6.

Bahati:
Malipo yakishaandikwa, achukue nakala ya amri iliyothibitishwa na mahakama, nyingine ampelekee dalali. Kisha adai kwa barua arudishiwe hundi alizosaini na hati ya kiwanja, kama aliviweka dhamana ya mkopo. Mkopeshaji agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala ya barua hiyo, naye jirani abaki nayo.