Mrejesho: bakteria hewani kwenye chumba cha meno

Wakuu habari, mimi ndo yule niliyeuliza kwa nini tunapiga dawa chumba cha meno kila siku, kiti meza sakafu vyote, halafu zile sahani za kuoteshea bakteria tukiziacha wazi pembeni ya kiti bado zinajaa vidoa vya bakteria.

Mlinambia niache kuhangaika na sakafu niangalie mdomo na maji, na kweli aisee. Drili ikizunguka inarusha ukungu wa maji na mate na damu, mwingine mwepesi hata huuoni, unabaki unaelea tu. Sasa mgonjwa anasukutua klorheksidini (dawa ya kuua bakteria mdomoni) kabla hatujaanza, msaidizi anashika ule mpira mkubwa wa kunyonya karibu kabisa na jino (siyo ule mdogo wa mate), na akitoka mgonjwa tunaacha maji yatiririke kwenye drili sekunde 20 mpaka 30. Halafu vile vipira vinavyopeleka maji kwenye drili, nilipochomoa kimoja ndani kilikuwa na utelezi kama wa kamasi, niliumia sana kuona hayo ndo maji tunayoweka midomoni mwa watu. Tumevisafisha kwa dawa yake, maana kiwango ni bakteria wasizidi 500 kwa mililita.

Dawa ya kufutia nayo tulikuwa tunapuliza na kukausha papo hapo, siku hizi tunaiacha ikae mbichi dakika zilizoandikwa kwenye chupa.

Jana nimehesabu sahani, vidoa vimepungua sana. Chujio la hewa la HEPA (linalonasa chembe ndogo sana) bado naliomba, taa ya UV (inayoua bakteria kwa mwanga) tumeiweka pembeni kwanza kwa sababu haitakiwi kuwaka watu wakiwa ndani. Aliyenishtua kuhusu maji, asante sana.