Muvi za Hollywood: tatizo ni damu, au ni kuua kusiko na uzito?

Wadau, hili naomba tulijadili kwa hoja. Kila yanapotokea mauaji ya bunduki Marekani mabishano ni yaleyale: hawa wanalaumu filamu, wale wanajibu kuwa filamu ni burudani tu. Kwangu mimi pande zote mbili zinagombania pembeni.

Kwanza nikubali linalokubalika. Hoja kwamba filamu huzaa wauaji haisimami vizuri. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 uhalifu wa kutumia nguvu Marekani ulishuka sana, na filamu hazikupunguza risasi. Wajapani wanaangalia muvi hizohizo, na wana za kwao zenye ukatili wa kutisha, lakini kuuana kwao ni nadra mno. Anayesema kijana huingia sinema mzima akatoka muuaji, ana kazi ya kutushawishi.

Kinachonikera mimi ni kipimo kinachotumika kuamua filamu ipi mtoto aione. Kuanzia 1934 Hollywood ilibanwa na kanuni za Hays: mhalifu asionewe huruma, mbinu za kuua zisioneshwe kinaganaga. Kanuni zile zilikuwa na uovu wake, maana zilikataza hata mapenzi kati ya mzungu na mweusi, na sitaki zirudi. Mwaka 1968 yakaja madaraja ya umri. Mwaka 1984 likaongezwa la PG-13, baada ya wazazi kulalamikia filamu kama Indiana Jones and the Temple of Doom, ambamo mtu anang'olewa moyo kifuani. PG-13 humwonya mzazi tu, mtoto hazuiwi mlangoni, ndiyo maana studio zinalipenda: tiketi zinauzika kwa familia nzima.

Sasa tazameni linavyopatikana. Stelingi anaweza kuangusha watu hamsini, mradi damu isionekane sana. Risasi inalia, mtu anadondoka, kamera imeshahama. Hakuna mjane wala msiba, na aliyekufa hana hata jina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Pediatrics ulionesha kuwa ukatili wa bunduki kwenye filamu za PG-13 ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara tatu tangu 1985. Halafu The King's Speech ya 2010, habari za mfalme wa Uingereza mwenye kigugumizi, ikapewa R, daraja ambalo aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Kosa lake? Matusi anayoyatoa mfalme akifanya mazoezi ya kuongea. Hivi kweli matusi ya mtu anayehangaika na ulimi wake ni hatari kwa mtoto kuliko maiti hamsini?

Chukueni Unforgiven ya Clint Eastwood, 1992, nayo ni R. Kuna kijana mle anajigamba njia nzima kwamba ameshaua watu watano. Siku anayoua kweli, anampiga risasi mtu aliyekaa chooni. Baadaye yuko chini ya mti na chupa ya pombe, analia, anakiri kwamba hajawahi kuua kabla ya hapo, anamwachia mwenzake bastola na kusema hataki tena. Mwanangu wa miaka kumi na minne ningemkalisha aione hiyo, nikae naye, kuliko kumwachia muvi tatu za PG-13 ambamo kuua hakumgharimu mtu chochote.

Na huku kwetu daraja lenyewe halifiki. Kwenye kibanda umiza, au kwa jamaa anayekujazia muvi kwenye flashi, nani anauliza umri? DJ anatafsiri kwa mbwembwe, adui anakufa, watoto wanashangilia. Siwalaumu watoto, muvi imetengenezwa ishangiliwe.

Najua kuna atakayesema damu nyingi ndiyo inayoleta usugu, kwamba bora ifichwe. Hoja hiyo naiheshimu, na zipo muvi za R ambazo damu ni ya kufurahisha macho tu, hizo sizitetei. Ila kuificha damu na kubakiza mauaji ni kumwambia mtoto kwamba kuua hakuumizi.

Kwa hiyo naomba mnijibu, hasa nyie wazazi: mkitunga madaraja nyinyi, mngehesabu nini? Damu, matusi, au kile kinachompata muuaji na jamaa za marehemu baada ya risasi?