Yadi imeniuzia gari la umeme lenye betri iliyochoka, na sasa waranti haina mwenyewe

Jamani, mnaotaka kununua gari la umeme lililotumika, someni hili kabla hamjatoa hata shilingi.

Nimenunua langu kwenye yadi moja hapa Mombasa, limetoka Japan. Aina yake siitaji, ugomvi wangu ni na yadi. Siku ya kulichukua, kipimo cha afya ya betri kwenye dashibodi kilikuwa kimejaa. Muuzaji akasema mbele ya shemeji yangu: "Betri hii ni kama mpya, na ina waranti ya miaka 8." Wiki chache tu, kipimo kikaanza kushuka. Niliahidiwa kwenda Kilifi na kurudi kwa chaji moja. Sasa nikifika Kilifi natafuta pa kuchomeka, na hapo AC nimeizima njia nzima na mtoto nyuma amelowa jasho.

Fundi aliunganisha kifaa cha OBD (kinachosoma kompyuta ya gari) na simu yake, akasoma: afya ya betri, yaani uwezo uliobaki ukilinganisha na ilipokuwa mpya, asilimia 61. Betri haichakai hivyo kwa wiki chache. Akanieleza kwamba wako watu wanaofuta kumbukumbu za kompyuta ya betri, gari likaonyesha betri kamili mpaka kompyuta ijipime upya, na wakati huo pesa zako zishaliwa. Kama ndivyo walivyolifanya langu, huo ni wizi, hauna jina jingine.

Nimerudi yadi na risiti. Wakanionyesha walichoandika: waranti ya miezi 3 ya injini na giaboksi. Gari la umeme lina injini gani? Wamenipa karatasi inayolinda kitu ambacho gari halina, na betri, ambayo ndiyo sehemu ghali kuliko zote, hawakuigusa. Wakala wa kampuni hapa nchini anasema hakuliuza yeye. Aliyelisafirisha kutoka Japan anasema liliuzwa kama lilivyo.

Na hiyo miaka 8 wanayoiimba, pigeni hesabu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Waranti ya betri kwa watengenezaji wengi ni miaka 8 au kilomita 160,000, inahesabiwa tangu gari lilipouzwa jipya, na kwa kawaida inafuata nchi lilikouzwa. Gari likishuka bandari ya Kilindini na miaka 7, mnunuzi anapata nini? Hapati kitu, na muuzaji analijua hilo vizuri kuliko sisi.

Msiniambie ni joto la Pwani. Joto linaua betri, kweli, hasa isiyopozwa kwa maji. Mwaka 2012 wenye Nissan Leaf kule Arizona walilalamikia jambo hilohilo, na kampuni ikaongeza waranti ya uwezo wa betri: betri ikishuka chini ya vipande 9 kati ya 12 vya kipimo cha dashibodi ndani ya miaka 5 au maili 60,000, inashughulikiwa. Wale walisikilizwa. Sisi tunaambiwa "hilo ni gari la mtumba, mkubwa."

Kinachoniuma zaidi ni cheti cha ukaguzi kilichokuja na gari. Breki zimo, taa zimo, kilomita zimo. Afya ya betri haina hata mstari mmoja! Kusoma asilimia hiyo ni kazi ya dakika chache. KEBS, shirika la viwango la Kenya, waidai kwa kila gari la umeme kabla halijapanda meli, na yadi ilazimishwe kuiandika kwenye risiti. Kifungu cha 46 cha Katiba kinatupa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na ya kupewa taarifa tunazohitaji. Asilimia ya betri kama si taarifa ni nini?

Barua ya madai nimeshapeleka. Wakinyamaza naenda Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na nitadai gharama ya kubadilisha seli zilizokufa. Aliyewahi kuishtaki yadi kwa jambo la betri aniambie alitumia ushahidi gani: ripoti ya fundi ilitosha, au walitaka mtaalamu mwingine? Na wewe ambaye kipimo chako kilikuwa kimejaa ukalichukua gari, kisha kikaporomoka, weka hapa mwaka wa gari na asilimia uliyosomewa. Picha za dashibodi za siku ya kununua msizifute.