Orientasio ya Master kwa intaneti: mwaka jana ilitushinda, naomba ushauri wa kuitengeneza upya

Mwana_Ibanda (Bukavu)

Bandugu na wakubwa wa humu, mambo? Mimi ni asistanti ku fakulte moja hapa Bukavu na doyeni (mukubwa wa fakulte) amenipatia kazi ya kutengeneza upya ile orientasio ya wanafunzi wapya wa Master, ile tunafanya kwa intaneti. Nimebakia na wiki sita. Naomba munisaidie juu mwaka jana mimi njo nilikuwa naiendesha na haikutembea, na ile kitu inaniuma mpaka leo.

Vile ilikuwa: siku moja ya Jumamosi, masaa matatu ku Zoom. Hotuba za wakubwa, kisha apariteri (ofisi ya kuandikisha wanafunzi), kisha mutu wa finansi, kisha wa biblioteki, kisha mimi na slaidi 64 za mufumo wa LMD (Licence, Master, Doctorat). Tulikuwa na linki ya bure, na ile ya bure inakata kisha dakika 40, basi kila ikikata tunatuma linki mupya na kila mara watu wanarudi wachache. Tulianza watu 58, tukamaliza 19. Katikati umeme ulikatika kwangu nikamalizia ku simu.

Kuko mwanafunzi mumoja, ni mwalimu wa segondeli upande wa Walungu. Kwake rezo inapatikana fasi moja tu, ku kilima nyuma ya masomo. Ile siku alipanda kule na kiti ya plastiki akakaa chini ya muti wa avoka, alikuwa amenunua mega za dola moja. Hotuba zilipomalizika na mega zake zikamalizika. Kisha wiki mbili nikamuona ku mulango wangu, amekuja mpaka Bukavu kuniuliza alipe ku benki gani na bordero (karatasi ya benki ya kuonyesha umelipa) ailete kwa nani. Transporti ya kuenda na kurudi, siku moja ya kufundisha imepotea, kwa jibu la mustari mumoja. Nilishikwa na haya kabisa.

Mwaka huu tunangojea watu kama 70, wengi wanatumika, kuko wa Uvira, kuko wa Shabunda, kuko na wa Kalemie. Doyeni anapenda tuweke vyote ku Moodle, ile programu ya masomo ya ku intaneti, kila ofisi video yake, na maswali kidogo ku mwisho. Mimi naogopa itakuwa zile zile slaidi 64, tumezivalisha tu nguo ingine. Bajeti hakuna. Nianzie wapi?

Kasapa_zamani (Lubumbashi)

Ndugu asistanti, usianze na Moodle, usianze na video. Fungua simu yako. Maswali yote wanafunzi walikutumia mwaka jana yako mule ndani bado. Yaandike moja moja ku karatasi na pembeni andika iliulizwa wiki gani. Sie tulifanyaka hivyo ku departema yetu na njo tuliona kosa letu, tulikuwa tunapanga orientasio kwa kufwata ofisi, apariteri aseme yake, finansi iseme yake, lakini mwanafunzi hana ofisi ndani ya kichwa, eko na siku. Leo anatafuta kulipa. Kesho anatafuta matrikule (namba yake ya mwanafunzi) na oreri (ratiba ya masomo). Ile mambo ya memwari (kitabu cha utafiti cha mwisho) na direkteri (prof wa kuisimamia) itamuuma mbele kule, ukimuambia siku ya kwanza inapita tu, si kosa lake.

Basi tuliikata. Wiki ya kwanza vitu vitatu tu. Mambo ya kredi (kipimo cha kazi ya kila somo) tuliyapeleka wiki ya tatu, wakati mutu eko na lisiti ya masomo yake mu mukono na anaweza kuhesabu. Memwari tuliitoa kabisa mule ndani, tuliisemea mwisho wa semestri ya kwanza.

Na kitu kidogo ila itakuokoa: andika saa ya wapi. Tulikuwa na profesa wa Kinshasa, alisema saa nane, watu wa huku wakaingia saa nane yao, wakangoja saa nzima wakatoka. Saa nane ya Kinshasa ni saa tisa kwetu na kwenu pia.

Fundi_Rezo (Goma)

Mimi nitasema mambo ya mega juu njo fasi watu wa fakulte hawaangalie. Mukutano wa Zoom wa watu wengi na video inaweza kula giga moja na kupita kwa saa moja. Masaa matatu hesabu mwenyewe, halafu yule mwalimu wako alikuwa na mega za dola moja, hakukuwa njia. Voisi ya WhatsApp ya dakika tano haifiki hata mega mbili. Pe-de-efu ya kurasa mbili bila foto ni kilobaiti tu. Kwa hiyo kila kitu chenye kinaweza kuwa voisi ao karatasi ya kurasa mbili, kifanye hivyo, video ubakize kwa kitu chenye lazima mutu aone kwa macho, mfano namna ya kujaza ile fishi ya inskripsio.

Moodle si mubaya. Iko na aplikasio ya simu, mwanafunzi akiwa fasi ya rezo anapakua somo zima anaenda kulisoma nyumbani bila intaneti. Lakini lazima mutu amuonyeshe vile wanafanya, na ile kumuonyesha haiwezi kuwa ndani ya Moodle yenyewe. Watu wanasahau hii kila mara.

Mama_Ya_Bagira (Bukavu)

Mimi niko Master ya pili sasa, niko mama ya watoto watatu, natumika ku santre de sante. Nasoma hii uzi na roho inanipiga juu ile orientasio niliipitia, si kwenu lakini ni ndugu yake. Walituonyesha organigrame. Mpaka leo najua vise-doyeni wa utafiti eko chini ya nani. Lakini hakuna mutu aliniambia kama naweza kuomba kuhamisha TP (kazi za mazoezi) nikiwa na garde ya usiku, wala kama direkteri ni mimi namutafuta ao ananitafuta. Niliketi miezi mine nangojea wanipigie. Aliyeniamusha ni yaya mumoja, ni kusema mukubwa wetu, mwanafunzi wa promosio ya mbele, tulikutana ku foleni ya kulipa pale, akaniambia Mama, hakuna atakupigia, andika kurasa mbili za projet yako, peleka kwa prof unayependa, mungoje inje ya oditwari akitoka. Wiki ile ile nikapata direkteri.

Asistanti, tafuta wale mayaya. Kila mumoja mupatie wapya sita ao saba, asipite hapo. Na wawe na ka grupu kao bila doyeni, bila apariteri, hata wewe usiingie, usikasirike. Mu grupu yetu kubwa kulikuwa doyeni ndani, basi watu ni "aksanti sana Prof" na kunyamaza. Kulikuwa mama mwenzangu jina lake halikutoka ku lisiti, wiki tatu hakusema kitu, alidhani wamemukatala. Wiki tatu! Alikuja kunisemea mimi ku kona, sauti chini.

CT_Mzee (Bukavu)

Mwanangu asistanti, mimi ni chef de travaux (mwalimu, juu ya asistanti), nimeona orientasio za ku oditwari na za ku simu. Mayaya ni jambo zuri, siwapingi. Lakini angalia: habari ya pesa ikipita kwa voisi, kesho yake kuko voisi ingine ya mutu hatujui inasema frei (pesa ya masomo) imepanda, na watu wanakimbia. Lazima kuwe karatasi moja tu yenye sahihi na tarehe, kila kiasi na kila siku ya mwisho viandikwe pale, na yaya akiulizwa pesa asijibu kwa kichwa chake, atume ile karatasi.

Na ile LMD usiidharau juu slaidi 64 zilikushinda. Wengi watakaokuja kwako walisoma mufumo wa zamani, graduat miaka mitatu na licence miwili, LMD imeenea kwetu toka mwaka wa masomo 2021-2022, kwa hiyo mutu anakuja na licence yake ya zamani anadhani Master ni kuongeza memwari tu. Master ni kredi 120, kredi 30 kila semestri, na kredi moja ni masaa 25 ya kazi ya mwanafunzi, ndani na inje ya darasa. 30 mara 25 ni 750. Gawanya kwa wiki 15, ni masaa 50 kwa wiki. Mutu anayetumika kila siku lazima aione ile hesabu mbele hajalipa, si kisha. Hiyo moja tu ndiyo ningeitoa ku wiki ya tatu ya ndugu wa Lubumbashi niilete mbele ya inskripsio. Kumunyamazia ni kumudanganya.

Kasapa_zamani (Lubumbashi)

Papa CT hapo umenishinda, nakubali. Hesabu ya masaa iende mbele. Mambo mengine ya kredi ibaki wiki ya tatu.

Mwana_Ibanda (Bukavu)

Papa CT aksanti, Mama ya Bagira aksanti sana, ile ya kutoingia mu grupu imeniuma kidogo lakini nimeielewa. Nimefanya vile ndugu wa Lubumbashi alisema, nimepitia simu usiku mpaka saa sita. Karibu nusu ya maswali ni bordero, matrikule na oreri. Organigrame hakuna hata mumoja aliuliza. Sasa mambo mawili yamebakia: hotuba za wakubwa nitaziweka wapi juu siwezi kuwaambia wasiseme, na biblioteki, juu yule bwana eko na mambo ya maana kweli.

Mtunza_Vitabu (Goma)

Biblioteki njo kazi yangu basi nijibu. Usiniweke wiki ya kwanza, ata mimi mwenyewe nakuomba. Niweke siku wanapewa TP ya kwanza yenye kuomba maandiko. Kuko Research4Life, fasi ya kusoma makala za utafiti ku intaneti, kwa wale wa afya ni ile Hinari ambayo OMS (shirika la afya la dunia) iliianzisha 2002, inchi yetu iko mu kikundi cha kutolipa, lakini mwanafunzi haingii peke yake, ni taasisi inajiandikisha na biblioteki njo iko na neno la siri. Uliza bibliotekee wako leo kama iko inatumika, nimeona fasi neno la siri liko ndani ya kabati na mutu aliyelijua alishahamia Kinshasa. Na usifanye maelezo ya saa nzima. Kila mupya atafute makala moja ya somo lake, amutumie yaya wake kichwa cha makala na mwaka. Akishindwa, yaya anamutuma kwangu. Zotero, programu ya kupanga maandiko unayotaja, pia waonyeshe siku ile, ni ya bure na ukiisha kuiweka ku ordinateri inatumika bila rezo.

Fundi_Rezo (Goma)

Hotuba: muombe kila mukubwa voisi ya dakika tatu, uitume siku ya pili, usiitume ya kwanza. Mwenye mega atasikiliza.

Mwana_Ibanda (Bukavu)

Nimeandika ujumbe wa kwanza, ule yaya atatuma kwa kila mupya wake. Muniambie:

"Karibu. Nilianza Master mwaka jana, mimi njo yaya wako. Wiki hii fanya vitu vitatu tu. Lipa sehemu ya kwanza ku benki iliyoandikwa ku karatasi hii. Piga foto ya bordero mbele ya kuiachia apariteri. Kisha niandikie 'nimefika'. Masomo inaanza Jumatatu saa mbili asubuhi, saa ya Bukavu. Ukikwama nipigie, ata usiku."

Mama_Ya_Bagira (Bukavu)

Muzuri. Ila ile "nimefika" iweke juu, ya kwanza kabisa, na uongeze: andika hata kama hujalipa bado. Mutu asiyekuwa na pesa ile wiki akiona kulipa iko mbele atafunga simu, na hautajua kama alikuwa anakuja.

Mwana_Ibanda (Bukavu)

Nimeigeuza. Kesho asubuhi naipeleka kwa doyeni, na yule mwalimu wa Walungu nimemupigia, amekubali kuwa yaya wa wale wa huko kwao.